Hakimu Hajui Unachokijua

Siku unayompa fundi malipo ya awali, umeshaingia kwenye sheria, hata kama mmekubaliana kwa mdomo mkiwa mmesimama. Kukopa, kupanga chumba, kuuza pikipiki, kumdhamini ndugu: yote hayo yana sheria nyuma yake, na mara nyingi mkataba hauhitaji mhuri ili uwe mkataba. Mhuri na wakili hutafutwa baadaye, mambo yakishaharibika. Mimi yaliniharibikia kwenye paa. Fundi alichukua fedha, akaezeka upande mmoja, akaacha kupokea simu. Nikamshitaki, nikashinda. Hapa naandika kwa ajili ya mtu ambaye anafikiria kufungua kesi ya madai, au ambaye ameletewa samansi na mikono inamtetemeka.

Kubwa kuliko yote ni hili: hakimu hajui unachokijua. Wewe umeishi na jambo lako, umelala nalo, unajua nani mwongo. Yeye amewakuta asubuhi ile watu wawili wanaobishana, kila mmoja kachomekea vizuri. Katika mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza, ambao nchi nyingi zinaufuata, si kazi yake kutoka kwenda kukutafutia ushahidi. Anaamua kwa kile kilichofika mezani kwake kwa njia inayokubalika. Ndiyo maana mtu mwenye haki hushindwa, kisha anatoka akilalamika kuwa hakimu kahongwa. Wapo wanaohongwa, sikatai. Lakini nimekaa kwenye yale mabenchi nikisubiri zamu yangu, nikasikiliza kesi za wengine, na wengi niliowaona wakianguka walianguka kwa kukosa karatasi.

Wakili wa fundi aliniuliza: "Unasema ulimlipa Jumamosi jioni. Nani alikuona?" Hakuna aliyeniona. Nilichokuwa nacho ni ujumbe wa simu uliotoka kwake usiku ule: "Nimepokea mama, Jumatatu tunaanza." Maneno manne, na ndiyo yaliyobeba kesi. Risiti ya mabati nayo ilikuwa imefutika kabisa, zile risiti za mashine huwa hazikai. Iliyosaidia ni picha niliyoipiga dukani. Kwa hiyo ukilipa fedha taslimu, mwandikie mtu wako ujumbe saa hiyo hiyo, kwa upole tu: nimekupa kiasi hiki kwa kazi hii, nijulishe kama umehesabu ikatimia. Akijibu, umepata shahidi asiyesahau. Usiufute ujumbe, usiukate vipande, hakikisha namba na tarehe vinaonekana, na uwe tayari kueleza mahakamani namba hiyo ni ya nani na uliuchapisha vipi.

Faraja ni kwamba kwenye madai hutakiwi kuthibitisha mpaka pasibaki shaka. Hicho ni kipimo cha jinai, ambako mtu anaweza kupoteza uhuru wake. Kwenye madai, chini ya mfumo huo niliousema, inatosha maelezo yako yawe na uzito zaidi kidogo kuliko ya mwenzako.

Usidhani pia kwamba kesi za watu wadogo hupita bila kuacha alama. Mwaka 1928, mjini Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja aitwaye May Donoghue alikunywa soda ya tangawizi aliyonunuliwa na rafiki yake, na akadai kwamba ndani ya chupa mlikuwa na konokono aliyeoza. Yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote, kwa kuwa chupa hakuinunua yeye. Shauri lake lilifika House of Lords mjini London, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya rufaa, na mwaka 1932 majaji watatu kati ya watano wakasema mtengenezaji ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa mtumiaji wa mwisho. Uamuzi huo bado unatajwa na mahakama za nchi nyingi unapodai fidia ya bidhaa iliyokudhuru. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hakuna mahakama iliyowahi kusikiliza ushahidi wa kama kweli konokono alikuwemo. Majaji walijibu swali la sheria tu: ikiwa konokono alikuwemo, je, mwanamke huyu ana madai?

Kuhusu muda. Haki ya kudai huisha, na inaisha kimya kimya wakati unaendelea kuahidiwa "mwezi ujao." Kila nchi ina ukomo wake, tena hutofautiana kwa aina ya shauri: madai ya kawaida ya mkataba England na Wales ni miaka 6, Scotland jirani yao ni 5. Ulizia wa kwenu mapema. Na ukiletewa samansi, usiikimbie wala usiitupe kabatini. Soma tarehe ya kufika na muda wa kujibu kabla hujasoma tuhuma, maana tuhuma zitakupandisha hasira na tarehe utaisahau. Mdaiwa asiyejibu wala kutokea, mahakama inaweza kutoa hukumu ya upande mmoja. Unaweza kuomba iondolewe, ila hapo unaanza kueleza ulikuwa wapi badala ya kueleza hoja yako.

Kabla ya kufungua kesi, andika barua ya madai. Sema unadai nini, kwa sababu gani, na unampa siku ngapi. Isiwe na matusi. Huenda ikasomwa kwa sauti mbele ya hakimu, na wewe utakuwa umekaa pale. Baadhi ya watu hulipa wakiiona tu.

Usumbufu halisi wa mahakama ni kusubiri. Unaomba ruhusa kazini, unafika asubuhi, unaambiwa shauri limekuja kwa kutajwa, dakika tano limeisha, limepangiwa tarehe nyingine. Kutajwa si kusikilizwa. Muulize karani wa masjala tarehe ijayo ni ya nini, ili usiburute mashahidi bure. Shahidi aliyekuja mara mbili akarudishwa, mara ya tatu anapata udhuru.

Hapo katikati utashawishika kukatisha njia: umpeleke polisi, wamweke ndani kidogo atalipa. Mimi nilishauriwa hivyo na watu wenye akili zao. Sikuwasikiliza. Kushindwa kulipa deni peke yake si jinai, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, ibara ya 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Utapeli wa kukusudia ni jambo jingine, huo una njia yake. Ukimbambikia mtu jinai ili kukusanya deni, unaweza kujikuta wewe ndiye mdaiwa.

Kuhusu wakili, naona watu wanamsifu kupita kiasi au wanamkwepa kupita kiasi. Kwa kesi ya jinai, usiende peke yako kama unaweza kuepuka. Clarence Earl Gideon alihukumiwa Florida, Marekani, bila wakili. Akaandika kwa penseli kutoka gerezani kuiomba Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ipitie kesi yake, na mwaka 1963 ikaamua kwamba mshitakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo lazima apewe wakili. Aliposikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, aliachiwa huru. Kwa deni dogo hesabu ni tofauti. Nchi nyingi zina utaratibu wa madai madogo usiohitaji wakili, na ada ya wakili inaweza kumeza deni lenyewe. Mimi nililipia ushauri wa kuandaa hati ya madai tu, mengine nikasimama mwenyewe. Usuluhishi nao usiudharau. Robo tatu ya fedha mwezi huu mara nyingi ni bora kuliko zote baada ya rufaa.

Nilipokwenda kuchukua nakala ya hukumu, karani alinitazama nikitabasamu akasema, "Mama, hukumu si hela." Alisema kweli. Mahakama haimtoi mdaiwa fedha mfukoni kwa niaba yako; lazima uombe kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya mahakama, na ndipo linapokuja swali ambalo lilitakiwa kuulizwa kabla ya yote: huyu mtu ana nini? Ana mshahara, gari, akaunti, kiwanja chenye jina lake? Kama hana chochote, unaweza kushinda na kubaki na karatasi. Fundi wangu alikuwa na gari la kubebea mbao. Nilipoanza utaratibu wa kulikamata, aliomba alipe kwa awamu, na amri ikatolewa hivyo. Bado analipa. Kila awamu namwandikia risiti na yeye anasaini, kwa sababu na yeye ana haki ya kuwa na ushahidi wake.