Batian si ukingo wa kasoko
Je, Batian na Nelion, vilele viwili vya juu kabisa vya Mlima Kenya, ni mabaki ya ukingo wa kasoko, yaani shimo la mdomo wa volkeno? Hapana. Ni kizibo: magma (mwamba ulioyeyuka) iliyogandia ndani ya koo la volkeno, ikapoa polepole na kuwa mwamba mgumu wenye chembe kubwa, sayenaiti ya nefelini. Kasoko yenyewe ilishaondoka zamani, pamoja na koni yote ya juu. Mlima Kenya ulilipuka kati ya miaka milioni 3.1 na 2.6 hivi iliyopita, kisha barafu ikaulamba juu mpaka kizibo kikabaki wazi. Ukipanda utajionea mwenyewe: kule chini unakanyaga lava na majivu yaliyoshikamana, ila vilele vina jiwe la aina nyingine kabisa. Wapanda miamba wanalipenda kwa sababu hiyo hiyo, halimeguki ovyo.

Na je, ni kweli kwamba zamani Mlima Kenya uliuzidi Kilimanjaro kwa urefu? Inawezekana, maana wanajiolojia wengi hukadiria ulipita mita 6,000, na leo Batian ina 5,199. Lakini ni makadirio, hakuna aliyepima. Na wakati huo Kibo, kilele cha Kilimanjaro cha leo, kilikuwa hakijazaliwa.