Paa limeacha kuvuja ila naambiwa ndani kumelowa, nitajuaje?

SWALI: Habari fundi. Nasimamia godauni hapa Columbus, Ohio, paa ni la flati, juu lami na kokoto, chini yake bodi za insulesheni, alafu deki ya bati. Mwaka jana lilivuja tukaziba, sasa hivi halivuji. Kontrakta mmoja kaja kasema insulesheni yote imelowa ling'olewe paa zima, mwingine anasema tupige tabaka jipya juu ya hilo hilo. Nimsikilize nani, na hayo maji yaliyojificha yanaonekanaje bila kubomoa?

JIBU: Nzuri dada. Kwanza waulize hao wawili kitu kimoja, walipima na nini? Manake kama hakuna aliyepanda na kifaa na hakuna aliyekata hata kipande, basi wote wanabahatisha na hela ni za kwenu.

Paa kuacha kuvuja sio kwamba limekauka. Maji yaliyoingia mwaka jana yako katikati, juu lami chini bati, yatatokea wapi? Ni kama godoro limelowa alafu ukalivalisha nailoni. Na usifuate doa la kwenye dari, maji yanaingilia huku yanatembea kwenye mabonde ya bati yanakuja kudondokea mbali kabisa, nimeona watu wanaziba na kuziba sehemu ambayo haina hata tundu. Na wakati huo yanakula, maana maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo bodi iliyolowa haizuii tena joto, bili ya hita inapanda, na uzito pia, bodi ya sentimita 5 kila mita moja ya mraba ina ujazo wa lita 50, ikishika maji asilimia 20 tu hapo ni kilo 10 zimekaa juu ya bati linaloshika kutu kimya kimya.

Sasa vifaa. Viko vya aina tatu na hakuna hata kimoja kinachoona maji, kila kimoja kinaona kitu kingine alafu sisi ndo tunasema hapa pana maji. Hilo liweke kichwani ukisoma ripoti yoyote.

Mimi ninayoipenda ni kamera ya joto, tunapanda jua likishazama. Mchana paa zima limekula jua, jioni sehemu kavu inapoa upesi, yenye maji inabaki na joto lake, chukua sufuria mbili za moto uzitoe jikoni, ile tupu baada ya muda mfupi unaishika na mkono ila yenye maji bado inaunguza. Kwenye skrini palipolowa panawaka, na kama bodi ni za kunyonya kama perlaiti au nyuzi za mbao utaona mistatili iliyonyooka kabisa, saizi ya bodi yenyewe, ukiona hivyo moyo unashtuka. Lakini inataka anga safi, upepo chini ya kilomita 25 kwa saa na juu ya paa pawe pakavu, kukiwa na madimbwi rudi nyumbani. Na inadanganya! Kokoto zilizorundikana, kiraka cha lami nene, hewa ya moto ya mashine za eisi, vyote vinawaka vile vile. Kokoto zako zikiwa nyingi picha itachelewa kutokea na itakuwa hafifu.

Hapo ndo inakuja mashine ya nyutroni, inapiga nyutroni, yaani chembe ndogo sana, kwenda chini, zikikutana na haidrojeni iliyo ndani ya maji zinapunguza mwendo, mashine inazihesabu zinazorudi. Haijali kokoto, inafanya kazi mchana, unapima kwa gridi kila baada ya mita moja na nusu au tatu. Shida yake hata lami ina haidrojeni, kwa hiyo lami ikiwa nene mahali inasoma kama maji, na kwa vile ndani kuna chanzo cha mionzi anayeishika lazima awe na leseni, muombe akuonyeshe. Aina ya tatu ni ya umeme hafifu, inasukumwa juu ya paa laini, kwako kokoto zinaizuia, na kwenye paa la mpira mweusi wa EPDM pia haifai kwa sababu ule mpira wenyewe una kaboni inayopitisha umeme.

Baada ya hapo, na hili usikubali liachwe, wakate vipande, angalau kimoja panapowaka na kimoja panapoonekana pakavu. Kipande kinatiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, kinapimwa uzito, kinakaushwa kwenye oveni, kinapimwa tena. Kikiwa gramu 50 kikakauka kikabaki 20, maji ni asilimia 150 ya uzito mkavu. Kiasi cha kuita bodi imelowa kinategemea ni bodi gani, maabara ya jeshi la Marekani inaitwa CRREL, iko Hanover, New Hampshire, wao walipiga mstari kwamba bodi ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo wake wa kuzuia joto basi ihesabiwe imelowa, na mimi naufuata huo.

Kuhusu huyo wa kufunika juu kwa juu, kanuni za ujenzi za IBC ambazo Ohio inazitumia kama msingi zinakataza kuezeka juu ya paa lililoloa maji, na kama tayari kuna matabaka mawili pia hairuhusiwi, kwa hiyo bila kipimo hata yeye hajui kama kazi yake ni halali. Na huyo wa kung'oa lote, mara nyingi ninayoikuta ni maji yamekaa kuzunguka mifereji, mashine na kingo, unapaka rangi mipaka yake, unakata hapo tu unaweka bodi kavu. Mtu akikwambia weka vipumulio, vile vibomba vya kutoa unyevu juu ya paa, maji yatakauka yenyewe, mkatalie, hiyo ni miaka na miaka.

Subiri siku ya jua ambayo jana yake haikunyesha, mpigie mtu wa kamera asiyeuza mapaa, na yale matundu ya vipande yazibwe siku hiyo hiyo kabla hajashuka ngazi.