Amri ilikuwa Dodoma, mtoto alikuwa Mwanza

Januari ile shule zilipofunguliwa, mwanangu hakurudi. Alikuwa amekwenda Mwanza kwa baba yake kwa likizo ya Desemba, kwa ridhaa yangu, na sare aliyoshonewa na fundi wa Nkuhungu, hapa Dodoma, ikabaki imetundikwa nyuma ya mlango. Nilipopiga simu, baba yake aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba mtoto ametimiza miaka saba, kwa hiyo sasa ni wake.

Kauli hiyo imeenea mno huku kwetu, na hata mjomba wangu, mzee ninayemheshimu sana, aliposikia alitikisa kichwa akasema, "Hapo mwanangu huna lako." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa atafaidika zaidi akikaa na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Akishatimiza miaka saba dhana hiyo haipo tena, lakini hakuna kifungu kinachomhamishia baba malezi, wala amri ya mahakama haifi siku ya kuzaliwa ya mtoto. Anayeona mambo yamebadilika anatakiwa kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe, na mpaka ibadilishwe, iliyopo ndiyo inayofuatwa.

Mimi amri ya kunipa malezi ya mtoto ninayo, nikajiambia, ya mahakama ya wilaya, ina muhuri. Nikaiweka kwenye bahasha ya kaki na kupanda basi la Mwanza kupitia Manyoni, Singida, Nzega na Shinyanga, nikiamini kwamba nikifika nitaionyesha kwa askari, naye atakwenda kumchukua mtoto. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza: "Mama, imeandikwa baba amwone mtoto mara kwa mara. Sasa hizo siku zake zinaisha lini?" Sikuwa na jibu. Akanieleza kwa upole kwamba haoni jinai katika karatasi ile, na kwamba amri ya madai hukaziwa, yaani husimamiwa mpaka itekelezwe, na mahakama.

Usiku ule, ndugu aliyenipokea alishauri tumvizie mtoto getini shuleni. Nakiri kwamba nililifikiria jambo hilo mpaka alfajiri. Kilichonizuia ni picha ya mtoto akivutwa mkono huku na huku mbele ya wenzake, na kujua kwamba baada ya purukushani hiyo mimi ndiye ambaye ningekuwa na mengi ya kujieleza.

Karani wa mahakama niliyoiendea Mwanza ndiye aliyenifungua macho. Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Madai, tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu ya shauri la madai, hutekelezwa na mahakama iliyoitoa au na ile iliyopelekewa ili iitekeleze, na mtu anayedaiwa kutekeleza akiwa anaishi katika eneo la mahakama nyingine, unaiomba mahakama ya kwanza ihamishie utekelezaji huko. Hivyo ilinibidi nirudi Dodoma. Mahakama iliyotoa tuzo ndiyo inayopeleka nakala yake pamoja na hati inayothibitisha kwamba haijatekelezwa; huwezi kuibeba mkononi kama barua ya mwaliko. Ikishafika, mahakama inayoipokea ina nguvu zilezile kana kwamba imeitoa yenyewe, ila haisikilizi upya nani anafaa kulea. Ningalijua hayo mapema, ningaliokoa nauli na wiki mbili nzima. Baba wa mtoto alipopata wito wa kueleza kwa nini tuzo isikaziwe, alimleta mtoto mwenyewe, na begi lake la shule mgongoni.

Nikiulizwa leo, nasema shughuli ya kukazia huanza siku amri inapoandikwa, mkiwa bado mmesimama mbele ya hakimu. Usikubali maneno kama "mara kwa mara" au "kwa makubaliano". Omba zitajwe tarehe, saa, mahali pa kukabidhiana na nani analipa nauli. Kama kuna hofu yoyote ya safari ya nje, omba pia zuio la kumtoa mtoto Tanzania, maana sheria inairuhusu mahakama kulitoa, na anayelikiuka huadhibiwa kwa kudharau mahakama.

Zuio hilo nalisisitiza kwa sababu mtoto akishavuka mpaka, njia niliyopita mimi haipo. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, unaozisaidia nchi wanachama kurudishiana watoto waliochukuliwa isivyo halali, umeridhiwa na Afrika Kusini na Zambia, lakini Tanzania haimo, na Kenya vilevile. Upande wa pili, anayekuja hapa na amri ya London asidhani ataisajili kama hukumu ya deni, kwa kuwa sheria yetu ya hukumu za nje inahusu malipo ya fedha; atafungua maombi yake hapa, na hakimu atapima ustawi wa mtoto upya, amri ile ikiwa sehemu ya ushahidi. Zanzibar nayo, ingawa hatuhitaji pasipoti kwenda, Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko. Wana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 na Mahakama za Kadhi, hivyo tafuta wakili wa kulekule kabla hujapanda boti.

Baadaye niliomba masharti ya amri yangu yarekebishwe, na afisa ustawi wa jamii akaongea na mtoto peke yake kabla ya kuandika taarifa. Sasa imeandikwa kwamba baba atamkabidhi mtoto stendi ya mabasi ya Nyegezi, Mwanza, Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka huu alichelewa dakika ishirini, akaomba radhi.