Nimeahidiwa asilimia 8 kila mwaka: hukumu ya kununua fleti kwenye mradi wa kitalii ufukweni

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, sheikh wetu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kusini Unguja, na naishi Uingereza kwa miaka mingi sasa. Nataka kununua fleti ya vyumba viwili kwenye mradi wa nyumba za ufukweni unaojengwa upande wa Paje. Jengo bado halijasimama. Nimeoneshwa ramani na fleti ya mfano. Nitatoa kianzio cha asilimia 30, na iliyobaki nilipe kwa awamu. Awamu ikichelewa, kuna nyongeza ya asilimia 2 kwa mwezi. Wakati sipo, kampuni itaikodisha kwa watalii, na imeniahidi asilimia 8 ya bei kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia siku nitakayomaliza kulipa. Ndani ya mradi kuna mkahawa wenye baa, na wageni wanatembea nusu uchi. Mume wangu anasema ni haramu moja kwa moja kwa sababu ya pombe. Sehemu ya fedha nitaipata kwa kuuza fungu langu katika shamba la minazi tulilorithi mimi na kaka zangu, bado halijagawanywa. Naomba unielekeze, Mungu akulipe kheri.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nyumba ya ufukweni haina ubaya kwa kuwa ufukweni, wala kwa kuwa nzuri. Katika hadithi ya Saad bin Abi Waqqas aliyoipokea Ibn Hibban, Mtume (s.a.w.) ameyahesabu makazi yenye wasaa miongoni mwa mambo ya kumfurahisha mtu duniani, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri. Mumeo ameishika baa, na baa tutaifikia. Lakini nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonitia hofu si baa. Ni zile asilimia mbili ulizozitaja kwa kupita, ambazo naona ninyi wawili hamkuzigombania.

Tuanze na nyumba isiyokuwapo. Sisi watu wa mwambao wengi wetu ni Mashafii, na kwa kauli inayotegemewa katika madhehebu yetu, kitu cha kutengenezwa hakiuzwi ila kwa masharti ya salam, yaani bei yote ilipwe hapo hapo kwenye kikao. Kwa hesabu hiyo ununuzi wa awamu wa fleti isiyojengwa usingepita. Mahanafi wao waliruhusu istisnaa, mtu kumwagiza fundi amtengenezee kitu kwa sifa zinazojulikana. Mwaka 1992 Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi iliyokaa Jeddah ikaukubali mkataba huu kuwa unawafunga pande zote mbili, na ikaruhusu bei yake icheleweshwe au ilipwe kwa awamu. Nami naifuata kauli hiyo, maana bila ya hiyo watu wasingejenga wala kujengewa zama hizi. Sharti lake ni kuondoa gharar, yaani utata wa kutojua unachonunua, ambayo Mtume (s.a.w.) ameikataza katika hadithi ya Abu Hurayra iliyomo katika kitabu cha Imamu Muslim. Fleti ya mfano haitoshi. Mkataba utaje ghorofa, namba, ukubwa kwa mita za mraba, inatazama wapi, sakafu ya nini, milango ya mbao gani, na tarehe ya kukabidhiwa. Ukiona kifungu kinachoipa kampuni ruhusa ya kubadilisha chochote itakavyo bila ridhaa yako, hapo hujui unachonunua.

Na kwa kuwa ni istisnaa, usiiuze kabla hujakabidhiwa. Nasema hivi kwa sababu nawajua wanaonunua kwenye ramani na kuuza kwenye ramani. Mtume (s.a.w.) alimwambia Hakim bin Hizam asiuze asichokuwa nacho.

Sasa ile nyongeza ya asilimia 2 kwa mwezi. Bei ikishakubaliwa, kilichobaki ni deni shingoni mwako, na deni kuongezeka kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe waliyokuwa wakiila watu wa zama za ujinga: nilipe au niongeze. Suratul-Baqarah aya ya 280 imeamrisha kinyume chake, kwamba mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa. Utaniambia, “Sheikh, mimi nitalipa kwa wakati, haitanigusa.” Pengine kweli. Lakini utakuwa umetia saini kwamba ikitokea utatoa riba, na kulikubali sharti hilo ni kosa hata kama siku yake haiji. Kisha nani anajua mambo ya kazi na maradhi huko mliko?

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulifahamu kinyume. Faini kwa mjenzi akichelewa kukabidhi inafaa. Jumuiya ile ile imeiruhusu katika istisnaa, kwa kuwa juu yake kuna kazi, si deni la fedha. Kwa hiyo unaweza kuwadai watie kifungu kwamba wakichelewa watakupunguzia kiasi fulani kwa kila mwezi, nao wakuondolee kile cha kwao cha asilimia 2. Kampuni ikisema inahitaji kinga dhidi ya wanunuzi wasumbufu, ipo kinga ya halali: waweke sharti kwamba ukichelewesha awamu bila udhuru, zilizobaki zote zinaiva papo hapo, au mkataba uvunjwe urudishiwe chako baada ya kukatwa hasara halisi. Waandikie hivyo kwa heshima. Wapo wanaokubali, maana wanazitaka fedha za Waislamu wa Ghuba na wa Ulaya na wamezoea kuulizwa.

Ama asilimia 8, jina lake tu halitoshi kuitolea hukumu. Huenda ni pango. Kampuni ikiikodi fleti yako kwa kiasi maalumu kwa mwaka, iwe ina wageni au haina, ikalipa na kubeba hasara yake, hiyo ni ijara na halali yako, hata kama kiasi kimepigiwa hesabu kutokana na bei ya kununulia. Huenda pia kampuni ni wakala wako tu, inatafuta wageni kwa niaba yako, inachukua ujira wake na kukupa kilichobaki. Hiyo nayo ni halali, lakini wakala hawezi kukudhaminia faida. Mwezi wa masika wageni hawaji, na faida iliyodhaminiwa wakati hakuna aliyelala ndani inatoka wapi?

Kinachonikwaza zaidi ni maneno yako haya: kuanzia siku nitakayomaliza kulipa. Hukusema kuanzia siku nitakayopewa ufunguo. Ukimaliza kulipa mwezi wa Machi na jengo likaisha Disemba ya mwaka wa pili, katika muda huo wote watakulipa asilimia 8 za nini? Hakuna chumba, hakuna mgeni, hakuna kitanda. Ni fedha zako ziko kwao na zinazaa, na hilo halina jina jingine ila riba. Watake waandike kwamba malipo yanaanza siku ya kukabidhiwa, kwa mkataba wa kukodi uliojitenga na ule wa kununua, usio sharti la kununua, ili usiingie katika mauzo mawili ndani ya mauzo mamoja aliyoyakataza Mtume (s.a.w.). Na wakikuongezea ahadi kwamba baada ya miaka mitano watainunua tena kwa bei ile ile uliyotoa, ikatae. Hiyo ni bay’ul-wafaa, na Jumuiya iliikataza katika kikao hicho hicho cha 1992: ni mkopo wenye manufaa uliovishwa kanzu ya biashara.

Turudi kwa mumeo. Pombe imelaaniwa kwa watu kumi, katika hadithi ya Anas kwa Tirmidhi: mwenye kuikamua, kuinywa, kuibeba, kuiuza, kula thamani yake na wengineo. Na Suratul-Maidah aya ya 2 inatukataza kusaidiana katika dhambi. Hakuna shaka. Swali ni wewe unasimama wapi. Kama mapato mnayogawana yanachanganya vyumba pamoja na mkahawa na baa, basi umekuwa mshirika wa baa, na mumeo amesema kweli. Kama pango lako ni la fleti yako peke yake, baa ni ya mwenyewe, nawe huna hisa ndani yake. Mwanachuoni wa Kihanafi Sarakhsi ameeleza kwamba Muislamu akimpangisha asiyekuwa Muislamu nyumba ya kukaa, kisha huyo akanywa ndani yake, dhambi haimpati mwenye nyumba kwa kuwa hakumpangisha kwa ajili hiyo. Mashafii nao wanatofautisha baina ya kupangisha kwa makazi na kupangisha kwa uuzaji wa pombe. Imepokewa kutoka kwa Abu Hanifa rukhsa pana kuliko hiyo, lakini wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, walimkhalifu, na mimi sikushauri kuipanda ngazi hiyo.

Kwa hiyo sharti lako liwe: friji la fleti lisiwekwe pombe na kampuni, na jina la nyumba yako lisitumike kuitangaza. Mgeni akija na chupa yake mkobani, hesabu yake iko kwa Mola wake. Na ile huduma mnayochangia wamiliki wote, ya ulinzi, bustani, taka na maji, haina tatizo mradi haihudumii baa. Uliza orodha yake.

Kuhusu walio nusu uchi, amri iko katika Suratun-Nur, aya ya 30 na 31: mteremshe macho, wewe na mumeo. Ufukwe ule ni wa kwenu kabla haujawa wa mtalii, wala hamtauhama kwa sababu yake. Ila una watoto watatu. Kama mnakusudia kukaa hapo likizo nzima na binti au kijana aliyebaleghe, hilo mlipime ninyi wazazi. Sitoi fatwa ya haramu, lakini mimi nisingewaweka wangu. Kuitoa kwa pango na nyinyi mkafikia kijijini kwa ndugu ni njia iliyo wazi. Yale maneno ya “jirani kabla ya nyumba” hutajwa kuwa ni hadithi, na isnadi yake ni dhaifu, ila maana yake haina ubishi.

Sikukusikia ukiuliza kuhusu ardhi, na hili ndilo ningelitanguliza mimi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni ya umma chini ya Rais, na mwekezaji huipata kwa mkataba wa kukodi wa miaka, mara nyingi 33 yenye kuweza kuongezwa. Katika sheria ya dini hili si geni. Mafakihi walilizungumza katika hikri, mtu akamiliki jengo juu ya ardhi ya wakfu aliyoikodi. Ila ujue imebaki miaka mingapi. Ipo sheria ya mwaka 2010 ya umiliki wa fleti za pamoja. Uliza Kamisheni ya Ardhi kama mradi umesajiliwa chini yake, na wewe kwa uraia ulio nao unahesabiwa mgeni au mwenyeji. Kisha nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana uhakikishe kiwanja hakina wakfu ndani.

Na utume mtu kijijini, si ofisini. Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Je, wenye minazi wamelipwa? Makaburi yamehifadhiwa? Njia ya kuteremkia pwani ipo au imezibwa ukuta? Wanawake wa upande ule wanalima mwani tangu 1989. Bamvua likiingia na maji yakakupwa wanashuka na kamba zao, na wavuvi wana pahala pa kupandishia ngalawa. Hadithi ya Said bin Zayd kwa Bukhari na Muslim inasema anayechukua shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba. Aliyeichukua ni kampuni, lakini anayenunua huku anajua hawezi kusema hahusiki. Ukikuta wanakijiji wamelipwa na njia iko wazi, endelea. Ukikuta kesi, tafuta mradi mwingine. Pwani ya mashariki ni ndefu.

Zaka ni nyepesi. Ukiinunua ya kukaa au ya kupangisha, fleti yenyewe haina zaka. Pango likifika nisabu, thamani ya gramu 85 za dhahabu, likapitiwa na mwaka, unatoa asilimia 2.5 ya kilichobaki. Ukiinunua kwa nia ya kuiuza, ni mali ya biashara, na unaitolea kwa bei ya soko kila mwaka.

Limebaki shamba la minazi. Usiliuze kwa mtu wa nje kabla ya kuwaambia kaka zako. Katika hadithi ya Jabir kwa Muslim, Mtume (s.a.w.) amehukumu shufaa, yaani haki ya mshirika kutangulizwa katika kununua, katika kila kilicho cha shirika kisichogawanywa, na kwamba haimfalii mtu kuuza mpaka amjulishe mshirika wake, akitaka atachukua, akitaka ataacha. Ukiuza kimya kimya wana haki ya kukitwaa kutoka kwa mnunuzi kwa bei ile ile aliyolipa, na utakuwa umeingia ugomvi wa ndugu na wa kadhi kwa pamoja. Waandikie leo, uwatajie bei ya kweli na uwape muda wa kujibu, kabla hujatuma hata shilingi ya kianzio.

Wallahu a’lam.