Vibonge vingi si lazima seli ziwe zimekufa

Mdogo wangu, umeuliza kama vibonge vya huntingtini (protini inayoharibika katika ugonjwa wa ubongo wa Huntington) ulivyoviona kwenye ubongo wa panya wa R6/2, yaani waliotiwa kipande cha jeni ya ugonjwa huo, ndivyo vinavyoua seli. Usikimbilie huko. Panya wa aina hiyo, walioelezwa mara ya kwanza London mwaka 1996, hujaa vibonge ndani ya viini vya seli, lakini seli zinazokufa ni chache. Tena mwaka 2004, niuroni (seli za neva) zilizofuatiliwa mojamoja maabara zilionyesha kinyume kabisa: zilizounda kibonge ziliishi zaidi. Mimi navishuku vipande vidogo vya protini hiyo ambavyo bado havijagandana. Onyesha vibonge kwa EM48, kingamwili inayoshika huntingtini iliyogandana, ila niuroni zihesabu kando. Na weka panya wasio na ugonjwa, wa umri uleule, wa kulinganishia, la sivyo msimamizi wako atakurudisha mwanzo.