Wanajaza dodoso wanaondoka, majibu yanaendaga wapi?

*Habari za kazi mwanangu. Mimi nauza viazi hapa Uyole, mzigo nachukua Isongole. Kila mwaka wanakuja vijana wa vyuo vya biashara na makaratasi yao, wanauliza mtaji shilingi ngapi, mkopo nachukua wapi, nimesoma mpaka darasa la ngapi. Mwaka jana nimejazishwa mara tatu, mmoja alikuwa na kurasa nane na gari langu linashushwa palepale, nikapoteza hesabu ya magunia. Wakimaliza asante mama, wameenda. Sijawahi kuona walichoandika. Hivi vinaenda wapi na mimi napata nini? Mama wa viazi, Uyole.*

Shikamoo mama, na pole sana. Swali lako nimelisoma mara mbili mana mimi mwenyewe nilishakuwa mmoja wa hao vijana.

Wengi wanaokuja kwako wanamalizia shahada, hicho wanachoandika kinaitwa tasnifu, anaandika huku anasimamiwa na mwalimu, anaitetea mbele ya jopo, anaipeleka ikabanwe jalada gumu na kopi inabaki maktaba ya chuo. Siku hizi vyuo vingi, Mzumbe wenye kampasi hapohapo Mbeya wakiwemo, vinaziweka pia kwenye hazina ya mtandaoni. Kundi la pili ni wahadhiri wenyewe, hao wanaandika makala kwenye majarida ya kitaaluma na bila makala hapandi daraja, kwahiyo ujue anapokuhoji na yeye ana maisha yake hapo. Alafu kuna ripoti za ushauri, hizi halmashauri au benki au shirika linalipia chuo kifanye utafiti, na ripoti mara nyingi inaishia kwa aliyelipa. Majibu yako yako humo mama. Shida ni kwamba karibu zote zimeandikwa kiingereza, na hili ndo linaniuma kuliko yote, mtu kahojiwa kwa kiswahili pale kwenye meza yake ya viazi alafu akitaka kujua alisema nini mpaka atafute wa kumtafsiria maneno yake mwenyewe.

Mimi nilihoji wauza mitumba pale Mwanjelwa. Kuna baba mmoja alinipa stuli yake nikae, yeye akasimama muda wote kaegemea nguzo anajibu huku anakunja mashati. Nikamaliza, nikaandika, nikafaulu. Miaka kama minne baadae nikapita pale kununua koti, akanitambua, akaniuliza "binti yale majibu yalitoka?" Sikuwa na cha kumjibu. Yalitoka, yako maktaba, na mimi sikuwahi kumpelekea hata karatasi moja. Nilikaa naye siku ile mpaka jioni nikamweleza nilichokipata, akasikiliza mpaka mwisho, na akanirekebisha sehemu mbili ambazo nilikuwa nimemwelewa vibaya. Sehemu mbili! Na tasnifu ilishabanwa zamani.

Sasa kwa upande wako. Akija kijana muulize anatoka chuo gani, akuonyeshe barua ya chuo na kibali cha wilaya au halmashauri, andika namba yake ya simu. Kama mzigo unashuka mwambie arudi saa nane, ni haki yako kabisa. Swali usilotaka unaliruka na ukitaka kuacha katikati unaacha, tena tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, sio kila mtu achukue tu mambo yako. Kisha mwambie akimaliza akuletee ukurasa mmoja wa kiswahili, umepata nini kwetu. Mmoja tu.

Na lingine mama yangu, yale maswali ya kuchagua 1 mpaka 5, sikubali kabisa mpaka nakubali kabisa. Huo mtindo aliuanzisha Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932 na ni mzuri tu, ila najua watu wakichoka wanasema "weka nne, weka nne" mpaka chini. Ukifanya hivyo kijana anaenda kuandika kwamba mikopo imekuza biashara za akina mama wa Uyole, wakati wewe marejesho ya kausha damu yamekumalizia mtaji. Na kesho mtu wa benki anaisoma ile anasema aa kumbe wako vizuri.

Unapata nini? Chukulia lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Tuseme mkulima anajaziwa kilo 120 analipwa bei ya gunia moja, kwenye magunia kumi kilo 200 zimeondoka, ni magunia mawili ya bure. Kila mtu huko analijua kwa mdomo, lakini kijana akikaa na mzani msimu mzima akaandika gunia kwa gunia, hiyo karatasi mnaingia nayo kwenye kikao cha halmashauri na hakuna wa kusema mnalalamika tu. Utafiti wa namna hiyo mimi ningeutoa kazi yangu kuusaidia.

*Kamwene dada, shikamoo. Nasoma masta ya biashara Iringa. Jarida moja la nje limenitumia imeili, wanataka dola 150 na makala itatoka ndani ya siku tatu. Nilipe?*

Marahaba mdogo wangu. Usilipe hata senti. Makala ya kweli inasomwa kwanza na wataalamu wengine wa fani yako, wanaikosoa, unarekebisha, inachukua miezi, siku tatu hakuna aliyeisoma hapo. Ni kweli yapo majarida mazuri yanayotoza ada, kwahiyo kutoza peke yake sio dalili ya wizi. Angalia kama jarida limo DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni iliyoanzia chuo kikuu cha Lund Sweden mwaka 2003, au AJOL ya Afrika Kusini yenye majarida ya kwetu Afrika. Na muonyeshe msimamizi wako hiyo imeili kabla hujajibu. Ukichapisha hovyo, makala yako inabaki na jina lako milele na huwezi kuipeleka tena jarida la maana.

Usihangaike sasa hivi na ile namba ya h, kipimo cha mtafiti alichokitoa Hirsch mwaka 2005, yani ukiwa na h ya 5 una makala tano ambazo kila moja imetajwa na wengine si chini ya mara tano. Inahesabu nani kakutaja tu, haijui kama muuza mkaa wa Ipogolo kaelewa ulichoandika.

*Sisi ni SACCOS huku Tukuyu, wanachama wa chai na parachichi. Tunaweza kuomba chuo kije kitufanyie utafiti, au mpaka waje wenyewe?*

Mnaweza, na natamani vikundi vingi vifanye hivyo. Andikeni barua kwa mkuu wa kampasi au idara ya utafiti na ushauri, mseme shida moja, sio kumi. Kwa mfano wanaovuna parachichi wanarejesha vizuri msimu wa mavuno alafu wanapotea, kwanini. Wanafunzi wanahangaika kutafuta mada, mwalimu akiona barua yenu anampa mmoja. Kubalianeni mapema ripoti itasomwa kwenye mkutano mkuu wenu kwa kiswahili. Na akifika, kabla hajagawa dodoso lolote, mkalisheni na daftari la marejesho la miaka mitatu, majina myafunike.