Kabla hujagombana na mkabidhi

Makala yangu ya kwanza kwenye Wikipedia ya Kiswahili haikumaliza saa nzima. Nilikuwa nimeandika habari za shule ya msingi niliyosoma, aya tatu, mbili kati ya hizo nimezinyofoa gazetini neno kwa neno. Jioni nafungua ukurasa ili niwatambie wenzangu, naukuta umefutwa. Nikaurudisha. Ukafutwa tena. Mara ya tatu nikaenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa yule aliyefuta, nikamwachia maneno ambayo naona haya kuyarudia hapa. Usinihurumie: maneno yale bado yapo, na yeyote anaweza kuyasoma.

Hilo ndilo la kwanza ninalomwambia kila mgeni. Huku kila hariri inaandikwa daftarini: nani kabadilisha nini, dakika gani, na sababu aliyoitaja. Kabla hujakasirika, fungua historia ya ukurasa. Mara nyingi utakuta jibu la hasira yako liliandikwa kabla yako, pengine miaka mitano nyuma, na mtu aliyekwishaacha kuja. Yangu lilikuwa maneno mawili tu, "haki miliki", na sikuwa nimejisumbua kuyasoma.

Mkabidhi si mwenye nyumba. Ni mchangiaji kama wewe, halipwi, ila wenzake wamemkubali hadharani ashike funguo: kufuta kurasa, kuzifunga, kuwazuia waharibifu. Mkibishana juu ya sentensi, neno lake halina uzito kuliko lako. Wageni wengi hawaamini hili, na nakiri kwamba baadhi ya wakabidhi nao husahau.

Namna ya kuamua mambo itakuchosha. Kura zipo, lakini kinachotafutwa ni mwafaka, na mwafaka unakula muda. Nimewahi kukaa wiki nzima kwenye ubishi wa "tarakilishi" na "kompyuta". Mwenzetu wa Kenya anasema neno la kwanza ndilo la vitabu vya shule, sisi wa Tanzania tunasema hatujawahi kulisikia dukani. Tungehesabu vichwa, upande wenye watu wengi usiku ule ungeshinda, na kesho yake ungeanza mvutano mwingine. Tulimaliza kwa kuweka makala chini ya jina moja, la pili tukalitaja kwenye sentensi ya kwanza, na anayelitafuta anapelekwa pale pale. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kwamba ukitengua hariri za wenzako zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 kwenye ukurasa mmoja, unaweza kuzuiwa. Kwetu, tulio wachache, askari wa kukufuatilia hayupo. Jizuie mwenyewe baada ya mara ya kwanza, uende kwenye majadiliano.

Uchache huo ndio unaoninyima usingizi kuliko waharibifu. Kwenye Wikipedia ya Kikroatia, kikundi cha watu waliofahamiana kilishika vyeo vya ukabidhi kwa takriban miaka kumi. Waliobisha walizuiwa, na historia ya Vita Kuu ya Pili ikapindwa kuwasafisha watawala wa Ustaša, mafashisti walioitawala Kroatia wakati wa vita hiyo. Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, ilichapisha tathmini ya kisa hicho mwaka 2021. Angalia: kanuni zilikuwepo muda wote, na kura zilipigwa. Waliokosekana ni watu wa kutosha wa kusema "hapana" bila kufukuzwa. Kisa cha lugha ya Kiskoti hakikuwa na ubaya wa moyo, na mimi kinanitisha zaidi. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala yake yameandikwa na kijana Mmarekani asiyeijua lugha hiyo, naye alikuwa mkabidhi. Alianza akiwa mtoto, akiamini anasaidia. Miaka ikapita, wenye lugha hawapiti kuangalia.

Kwa hiyo nikikutuma kazi ya kwanza, sitakutuma kuandika makala. Nitakutuma kwenye ukurasa wa mabadiliko ya karibuni, nusu saa, kikombe cha chai mkononi. Utaona mtu kaongeza idadi ya watu wa wilaya bila chanzo, mwingine kabandika tafsiri ya mashine hata viambishi vya ngeli havipatani. Waandikie. Kwa adabu, kwa sababu mmoja wao ni mimi wa siku ile ya shule ya msingi.

Ukiona mwenye funguo anazitumia vibaya na majadiliano ya nyumbani yameshindikana, wapo wasimamizi wa miradi yote, wanaochaguliwa kila mwaka na wachangiaji wa lugha mbalimbali. Usiwaendee na malalamiko matupu. Wapelekee viungo vya hariri zenyewe, kwa tarehe.

Na ugombea wa ukabidhi, subiri. Nimeona watu wenye shauku wakiomba funguo mwezi wa pili, wakapewa kwa kuwa hakuna mwingine, kisha wakapata kazi, au mtoto, wakatoweka. Katika Wikipedia za lugha nyingi, mkabidhi asiyefanya lolote kwa miaka miwili huweza kuvuliwa cheo, lakini miaka miwili ni mingi kwa nyumba yenye walinzi wanaohesabika kwa vidole. Ukichoka, andika tu kwenye ukurasa wa jumuiya kwamba unapumzika, ili tujue zamu ya usiku haina mtu.